Tusingoje Mteremko Utufundishe Habari ya Breki

Wahenga wetu walisema kuwa ajali haina kinga, na usemi huo umetumiwa vibaya miongoni mwetu. Kila gari linapopinduka na kila familia inapokwenda kupokea maiti, usemi huo hutamkwa kwa sauti ya chini, vichwa vikatikiswa, na shauri likaishia hapo. Sisi tulioshika kalamu za ofisi tumeupenda kuliko wengine, kwa sababu unatuondolea mzigo wa kuuliza swali la pili. Makala hii inakusudia kuliuliza swali hilo la pili kwa mintarafu ya kitu kimoja kidogo, ambacho bei yake haifikii bei ya tairi moja jipya, nacho ni mafuta ya breki.

Nianze na kisa ambacho mimi mwenyewe nilikuwamo. Miaka michache iliyopita, mwezi wa Septemba, tulikuwa watu 5 katika gari la kazi la ofisi ambayo sitaitaja, tukitoka Dodoma kwenda Nzega. Tulipita Bahi, Kintinku na Manyoni, tukala chakula cha mchana Singida, na alasiri tukaanza kuteremka Sekenke, pale ambapo uwanda wa juu wa Iramba unakatika na barabara kujipinda kuelekea Shelui. Mbele yetu kulikuwa na msururu wa malori yaliyosheheni mizigo, yakishuka kwa mwendo wa kinyonga. Dereva wetu, mzee mwenye uzoefu wa miaka mingi, alikuwa akikanyaga breki, akiachia, akikanyaga tena. Katika kona moja nilimwona akikanyaga upesi upesi, kama fundi cherehani aliyechelewa na nguo za sikukuu.

“Mzee, kuna nini?” nikamwuliza.

“Ndugu Katibu, shikilieni. Breki imekwenda chini.”

Hakupiga kelele. Aliingiza gia ya pili, kisha ya kwanza, akavuta breki ya mkono kidogo kidogo, akaliegemeza gari kwenye ukingo wa mlima mpaka ubavu wake ukakwaruza mawe, likasimama. Kati yetu na lori la mbele zilibaki hatua ambazo ningeweza kuzihesabu kwa vidole vya mikono miwili. Tuliteremka tukakaa kando ya barabara, kila mmoja na kimya chake, huku magurudumu yakitoa harufu kali ya kuungua.

Ajabu yenyewe ilikuja baadaye. Baada ya muda wa saa moja hivi, dereva alipokanyaga tena, breki ilikuwa ngumu na nzima kama kawaida. Tukashuka polepole hadi Shelui, na usiku tukafika Nzega salama. Lakini habari zilipofika ofisini, barua ya kwanza kuandikwa ilimtaka dereva ajieleze kwa nini aliendesha kwa kasi na kuharibu mali ya umma, maana gari lilikaguliwa na breki zake zikaonekana hazina kasoro. Mzee yule alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu.

Aliyemwokoa ni fundi mmoja kijana. Alifungua kifuniko cha tangi dogo la mafuta ya breki, akachovya kipimo chake kilicho mfano wa kalamu, na taa nyekundu ikawaka. Mafuta yenyewe yalikuwa meusi kama kahawa ya barazani. Akauliza, “Haya yalibadilishwa lini?” Tukafungua daftari la gari. Gari lile lilikuwa limefanya kazi Unguja kwa miaka 4 kabla ya kuvushwa bara, na katika muda wote huo, pamoja na mwaka mmoja wa Dodoma, hapakuwa na mstari hata mmoja ulioonyesha kuwa mafuta ya breki yamebadilishwa. Palikuwa na ombi moja tu. Dereva yule yule alikuwa ameomba yabadilishwe miezi 6 kabla ya safari ile. Ombi lake lilikatwa kwa wino mwekundu na pembeni pakaandikwa: “Si lazima.” Mwandiko ule ulikuwa wangu.

Nilikwenda kuyasema hayo mbele ya kikao, na barua ya mzee ikafutwa. Sisimulii ili nisifiwe kwa kusema kweli, kwa kuwa aliyetaka kumponza mtu hastahili sifa kwa kumwondolea balaa aliyomletea mwenyewe. Nasimulia kwa sababu naamini kuwa wino mwekundu wa namna ile upo katika madaftari mengi, bara na visiwani, na wenye kalamu hawajui wanachokikata. Mimi sikujua.

Basi na tuelezane kinachokatwa. Katika karne ya 17 mwanachuoni wa Kifaransa, Blaise Pascal, alionyesha kuwa kimiminika kilichofungiwa mahali kikisukumwa upande mmoja, msukumo ule hufika pande zote kwa nguvu ile ile. Juu ya kanuni hiyo ndipo iliposimama breki ya gari. Mwaka 1921 kampuni ya Duesenberg ya Marekani ilitoa gari la abiria lenye breki za namna hiyo katika magurudumu yote 4, na tangu hapo duniani kote magari madogo yamefuata njia hiyo. Dereva akikanyaga pedeli, silinda kuu, ambayo mafundi wetu huiita masta silinda, husukuma mafuta katika mabomba membamba hadi kwenye magurudumu, na huko mafuta huzisukuma pedi zibane disiki. Mguu wa dereva haugusi gurudumu. Kinacholigusa gurudumu ni yale mafuta. Yakiwa na afya, mguu una nguvu. Yakiwa na maradhi, mguu unakanyaga hewa.

Maradhi ya mafuta haya ni maji. Mafuta ya breki yanayotumika katika magari mengi si mafuta kwa maana ya samli au mafuta ya injini. Ni kemikali yenye tabia ya kuvuta unyevu wa hewani, mfano wa chumvi iliyoachwa wazi jikoni wakati wa masika. Hata kifuniko kikifungwa barabara, unyevu hupenya kidogo kidogo katika mipira ya breki na katika tundu la pumzi la kifuniko. Hakuna anayeuona ukiingia. Gari linaweza kulala uani mwaka mzima bila kwenda hata kilometa moja, na mafuta yake yakaendelea kunywa.

Tufanye hesabu kidogo. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka yafikie joto la nyuzi 205 au zaidi. Yakishanywa maji kiasi cha asilimia 3.7, kipimo kinachotumiwa na wataalamu, yanaruhusiwa kuchemka kwenye nyuzi 140. Daraja la DOT 4 huanzia nyuzi 230 na kushuka hadi 155. Katika lita 1, asilimia 3.7 ni mililita 37, yaani vijiko vya chakula viwili na nusu. Vijiko viwili na nusu vya maji vinatosha kuondoa zaidi ya nyuzi 60 za usalama.

Barabara ya tambarare haiwezi kukuonyesha upungufu huo. Mjini Dodoma, ambako mitaa mingi ni tambarare, mtu huweza kuendesha miaka 5 akaona breki zake ni nzima. Lakini mteremko mrefu, wenye kukanyaga na kuachia kwa dakika nyingi, huzipasha disiki joto la nyuzi mia kadhaa, na joto hilo hupita katika pedi likayafikia mafuta. Yenye maji huchemka na kuwa mvuke. Mvuke si kama kimiminika, kwani hugandamizika. Dereva hukanyaga, mvuke hubonyea, na magurudumu hayapati habari yoyote. Gari likisimama na joto likipungua, mvuke hurudi kuwa kimiminika, na pedeli huwa ngumu tena. Ndiyo maana mkaguzi anayekuja kesho huikuta breki nzima, akaandika kuwa ni uzembe wa dereva. Katika mambo ya breki ushahidi hujificha wenyewe, na lawama humwangukia mtu wa chini.

Mkoa wa Dodoma una sababu yake ya kutopuuza neno breki. Tarehe 24 Juni, 2002, huko Igandu, treni ya abiria iliyokuwa imebeba zaidi ya watu 1,000 ilirudi nyuma mlimani bila kuzuilika na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Breki za treni hutumia upepo, hazitumii mafuta ninayoyazungumzia, na wala sisemi kuwa mambo haya mawili ni mamoja. Nasema tu kwamba katika uwanda huu wa kati yapo makaburi ya watu waliokuwa ndani ya chombo kilichotakiwa kusimama kisisimame. Mwenye kuishi jirani na makaburi hayo hapaswi kuandika “si lazima” mbele ya neno hilo.

Sasa nawageukia ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuwa inahamia Dodoma, na tangu sheria ya mwaka 2018 ilipoutambua mji huu kuwa makao makuu ya nchi, wenzetu wengi wa visiwani wana safari za kuja huku. Wapo wabunge wanaokuja kwa mkutano wa bajeti kuanzia Aprili hadi Juni, wapo watumishi wa wizara za Muungano, na wapo wafanyabiashara na wazazi wenye watoto katika vyuo vya Dodoma. Kuanzia mwaka 2024 treni ya umeme kutoka Dar es Salaam imewapumzisha wengi wao na barabara, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini wapo wanaovusha magari yao kwa meli, na wapo wanaofika hapa wakaendelea mbele kwa gari, kwenda Kondoa na Babati kwa kupita vilima vya Bereko, kwenda Iringa kwa kupita Mtera na Nyang’oro, au kwenda Tabora na Mwanza.

Gari la visiwani huja na maradhi mawili. La kwanza ni unyevu. Hewa ya bahari imejaa maji mchana na usiku, na mafuta ya breki ya huko hunywa upesi kuliko ya Dodoma, ambako kiangazi ni kikavu na mvua hunyesha msimu mmoja tu. La pili ni kwamba visiwani hakuna mteremko wa kuyafichua. Mtu anayeendesha kila siku kutoka Mwanakwerekwe hadi Mjini, au kutoka Wete hadi Chake Chake, hawezi kuzipasha breki joto la Sekenke. Mafuta yake yanaweza kuwa yamekufa zamani naye asijue, kwa sababu hayajapewa mtihani. Mtihani huja siku ya kwanza ya mlima, na ni mtihani usiorudiwa.

Watengenezaji wengi wa magari huagiza mafuta haya yabadilishwe kila baada ya miaka 2, gari liwe limetembea au limelala. Wanaofanya hivyo ni wachache. Tunanunua magari yaliyotumika yanayotoka Japani, tunabadilisha oili ya injini na chujio lake, tunaosha, tunaweka viti vipya, na mafuta ya breki tunayaacha kama yalivyovuka bahari. Mwenye gari la namna hiyo ayahesabu kuwa hayana umri unaojulikana, ayabadilishe.

Kazi yenyewe inaweza kufanywa nyumbani na watu wawili wenye utulivu, kwa muda wa saa moja au mbili. Vifaa ni jeki na stendi imara, magogo au mawe ya kuzuia magurudumu, spana ya pete inayolingana sawasawa na skrubu ya kutolea upepo, kipande cha mpira mwembamba unaoonyesha kilichomo ndani, chupa ya kupokelea mafuta machafu, vitambaa safi, na lita 1 ya mafuta mapya. Lita hiyo yatosha gari dogo, ila gari kubwa laweza kuhitaji zaidi. Daraja la mafuta limeandikwa juu ya kifuniko cha tangi lake, na hilo ndilo la kununua. DOT 5, ambayo ni ya silikoni, isichanganywe kamwe na DOT 3 wala DOT 4. Nunua kopo lililofungwa kwa lakiri ya kiwandani. Mafuta ya kupimiwa dukani kutoka katika kopo lililokaa wazi yameshaanza kunywa maji kabla hujayalipia.

Egesha gari mahali tambarare, zima injini, zuia magurudumu yanayobaki chini, ndipo uinue. Usiingize mkono wala kichwa chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, na usitumie tofali la saruji badala ya stendi, kwani hupasuka bila kutoa taarifa. Pangusa vumbi lote kwenye kifuniko cha tangi kabla ya kukifungua. Vumbi la Dodoma ni laini kama unga, na chembe chache zikiingia humo zitaikwaruza mipira ya ndani. Vuta mafuta ya zamani yaliyomo tangini kwa bomba la sindano jipya, ubakize kidogo ili tundu la chini lisiachwe wazi, kisha jaza mapya. Usivute kwa mdomo, maana ni sumu.

Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Hapa pana jambo la kuangalia, kwa kuwa vitabu vingi vya kigeni vimeandikwa kwa magari yenye usukani wa kushoto. Magari yetu yana usukani wa kulia na silinda kuu iko upande huo, hivyo gurudumu la mbali ni la nyuma kushoto. Baada yake fanya la nyuma kulia, kisha la mbele kushoto, na mwisho la mbele kulia. Ikiwa kitabu cha gari lako kinaagiza utaratibu mwingine, fuata kitabu.

Vua kofia ndogo ya mpira kwenye skrubu ya kutolea upepo, safisha, vika spana, kisha chomeka mpira mwembamba. Ncha ya pili ya mpira izame katika mafuta safi kidogo uliyoyatia ndani ya chupa, ili hewa isirudi ndani. Mwenzako akae kwenye kiti cha dereva, na chini ya pedeli kuwekwe kipande cha mbao ili isizame mpaka mwisho, kwani katika gari la siku nyingi jambo hilo huweza kuzikata mipira za silinda kuu. Kuanzia hapo kazi ni ya maneno matatu. Ukisema “kanyaga”, mwenzako akanyage polepole na kushikilia. Wewe fungua skrubu kiasi cha robo mzunguko, mafuta machafu yatoke. Ukisema “shikilia”, asiondoe mguu mpaka uwe umefunga. Ndipo useme “achia”. Akiondoa mguu kabla hujafunga, breki itavuta hewa, na kazi itaanza upya. Vijana wengi hukosea hapo kwa haraka, na mimi nilikosea mara ya kwanza.

Rudieni hivyo mpaka mafuta yanayotoka yawe na rangi ya yale mapya na yasiwe na mapovu. Kila baada ya kukanyaga mara 5, tazama tangi na uongeze, maana likikauka hewa itaingia katika mfumo wote. Ukimaliza magurudumu yote, jaza hadi alama ya juu, funga kifuniko, washa injini na ukanyage kwa nguvu dakika moja nzima. Pedeli isizame, na pasiwe na tone lolote kwenye skrubu. Kisha jaribu gari kwa mwendo mdogo mahali tambarare pasipo na watu. Pedeli ikiwa laini kama sponji, gari lisitoke barabarani mpaka tatizo lijulikane.

Yapo mambo ya kumwachia fundi, na kuyajua hayo nako ni ujuzi. Gari la visiwani lililoliwa na chumvi laweza kuwa na skrubu zilizoshikwa na kutu. Ukiona skrubu haitaki, iloweshe kwa mafuta ya kulegezea kutu usiku kucha, na asubuhi ikiendelea kukataa, acha. Ikikatika, hasara yake ni kubwa kuliko gharama ya fundi. Magari ya mseto yanayotumia petroli na umeme pamoja yana breki zinazoongozwa na mitambo ya umeme, na yanahitaji vifaa vya karakana. Hali kadhalika gari lenye ABS likishaingiwa na hewa katika mtambo huo, huenda likahitaji kompyuta ili kuitoa. Na gari ambalo mafuta yake hupungua kila wiki lina mvujo, na tiba ya mvujo si kuongeza.

Yapo pia mambo yasiyofanywa kabisa. Nimeona watu walioharibikiwa njiani wakitia katika tangi la breki oili ya injini, na nimeona wengine wakitia maji ya sabuni. Oili huzivimbisha mipira za breki na kuziharibu zote, kuanzia silinda kuu hadi kwenye magurudumu. Maji ya sabuni ni yale yale maji tunayoyakimbia, yakiongezewa povu. Mtu anayefanya hivyo huondoka pale akidhani ameokoka, kumbe amebeba ajali mbele yake.

Mafuta machafu nayo yana heshima yake. Yakidondoka kwenye rangi ya gari, yaoshe kwa maji mara moja, la sivyo yataibabua. Yasiwekwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, kwa sababu mtoto hajui kusoma alama ya hatari. Yasimwagwe ardhini. Mji wa Dodoma hunywa maji ya visima vya Makutupora, na Unguja hunywa maji yanayopita katika mawe ya matumbawe, ambayo hayazuii kitu. Yafungwe katika chombo chenye maandishi, yapelekwe karakana inayopokea oili chafu.

Mwisho nazungumza na watumishi wenzangu, wakubwa kwa wadogo. Gari la umma ni amana. Chuoni, kabla sijaingia shule ya Serikali, maalim wetu alitufundisha kuwa mwenye amana huulizwa mambo mawili, aliipokeaje na ameirudishaje. Mara nyingi sisi tunajiuliza juu ya petroli tu, kwa sababu petroli huibwa, na kitu kinachooza kimya kimya hakituamshi. Napendekeza mambo matatu yasiyohitaji fungu jipya la bajeti. Kwanza, katika daftari la kila gari pawe na ukurasa wa mafuta ya breki wenye tarehe ya kubadilishwa na jina la aliyefanya kazi hiyo, na tarehe hiyo hiyo ibandikwe juu ya tangi lake. Pili, hakuna gari litakalopewa ruhusa ya safari ndefu, hasa lililotoka visiwani, ikiwa tarehe hiyo imepita miaka 2. Tatu, gari likipata ajali na dereva akasema breki imezama, mafuta yapimwe kwanza kabla ya barua kuandikwa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka mwenye gari ahakikishe breki zinafanya kazi. Katika gari la ofisi, mwenye gari ni yule anayeidhinisha matengenezo, naye aghalabu hayumo garini siku ya mteremko.

Na madereva nao wana sehemu yao. Mafuta mapya hayampi mtu ruhusa ya kushuka mlima kwa gia ya juu akiutegemea mguu peke yake. Gia ya kupandia mlima ndiyo ya kuteremkia, na breki iguswe kwa vituo ili ipate kupumua. Dereva anayeona pedeli inaanza kulegea na aseme, na anayeambiwa na asikilize.

Mzee yule amekwisha kustaafu na anaishi kwao, mkoani Singida. Siku ya kuagana nilimpa mkono, naye akaniambia neno moja tu: “Ndugu Katibu, usisahau tarehe.” Sijaisahau. Kila baada ya miaka 2, asubuhi ya siku ya mapumziko, kijana wangu hukaa kwenye kiti cha dereva nami nikainama kwenye gurudumu la nyuma kushoto, tukaanza: kanyaga, shikilia, achia. Ajali inaweza kuwa haina kinga, kama walivyosema wakubwa. Lakini mafuta ya breki yana tarehe, na tarehe hiyo iko mikononi mwetu.